Shajara ya mradi wa makabidhiano: kutoka wodini mpaka kwenye mkeka

Wiki ya 1, Jumanne

Naanza kuandika hii shajara kwa sababu metroni kasema mradi usioandikwa haujafanyika, na mi najijua, nikikaa mwezi tu nitakuwa nimeshasahau nani alisema nini. Mi ni nesi wa tiba shufaa, timu yetu ni watu wanne na pikipiki mbili (moja inakohoa kuliko wagonjwa). Hatuna jengo la vitanda. Watu wakisikia hospisi wanawaza ile ya London, St Christopher's, aliyoifungua Cicely Saunders mwaka 1967, vitanda na maua. Kwetu hospisi ni nyumba ya mgonjwa mwenyewe, hospitali ikiona hakuna tena cha kumponya inamwandikia kuja kwetu, sisi tunamfuata kwake, tunatuliza maumivu, tunasafisha vidonda, tunakaa na ndugu. Hata wenzetu wa Hospice Africa Uganda tangu waanze mwaka 1993 kazi kubwa imekuwa hiyohiyo, kumfuata mtu alipo.

Sasa kilichonisukuma ni hiki. Jana tumefika kwa mama mmoja ana saratani ya shingo ya kizazi, karuhusiwa wodini Ijumaa. Hodi, karibuni, shikamoo mama, marahaba inatoka kama ya mtu aliye kisimani. Kajikunja kwenye mkeka, magoti yamegusa kifua. Binti yake anatuletea chupa ya mofini, ile dawa kali ya maumivu, imejaa karibu yote, na hiyo ni siku ya nne! Juu ya plasta pameandikwa kwa kalamu ya bluu, ml 5, saa 4. Nikamuuliza unampaje, akasema, "Kama walivyoniambia dada, saa nne. Nampa saa nne asubuhi. Alafu nikamwonea huruma nikawa namwongezea na ya saa nne usiku, najua nimekosea, usinigombeze."

Nilikaa chini. Yaani aliyeandika alimaanisha kila baada ya masaa manne, kwa sababu mofini ya maji ndo inafanya kazi kama masaa manne hivi basi inaisha. Aliyesoma kasoma kama kila Mswahili anavyosoma, saa nne ni saa nne. Na binti wa watu kaiba dozi moja ya usiku kwa huruma na anaogopa kusemwa, kumbe ndo dozi iliyokuwa inamsaidia mama yake kupata usingizi kidogo.

Tukamwandikia upya kwenye karatasi ya daftari: saa 12 asubuhi kijiko kimoja, saa 4 asubuhi kimoja, saa 8 mchana kimoja, saa 12 jioni kimoja, saa 4 usiku viwili ili saa 8 usiku mama asiamshwe. Tukachora na jua na mwezi pembeni. Tulivyokuwa tunaondoka ile dozi ya saa 8 ilikuwa imeshaanza kumkolea, kanyoosha mguu mmoja.

Barua yake ya rufaa ilikuwa mstari mmoja wa Kiingereza. Jina la ugonjwa, hatua ya tatu, "aende tiba shufaa", sahihi isiyosomeka. Basi.

Wiki ya 1, Ijumaa

Metroni kakubali nifundishe watu wa wodini namna ya kutukabidhi wagonjwa. Nimepewa lisaa limoja kila Alhamisi saa 8 mchana na intani wote (madaktari wapya walio kwenye mafunzo ya vitendo), manesi wa wodi ya magonjwa ya ndani na ya wanawake, na yeyote mwingine atakayetaka. Muda wa wiki 8. Bajeti: maji na sambusa. Projekta ipo ila waya wake hauonekani tangu mwaka jana, kwa hiyo tutatumia bango na makapeni, na kusema kweli nimefurahi, slaidi zinawalaza watu wa baada ya zamu.

Nimekaa na mwenzangu tukatoa barua zote za rufaa tulizopokea tangu mwaka uanze tukazisambaza mezani. Sitaki kuzihesabu hapa nionekane najifanya mtafiti, ila kitu kimoja kilituacha mdomo wazi: karibu hakuna hata moja inayosema mgonjwa mwenyewe anajua nini. Ugonjwa upo, dawa zipo (wakati mwingine), lakini huyu mtu kaambiwa? Kaambiwa na nani? Alisema nini? Hakuna. Kumbe ndo maana tunafika kwa watu na fulana zetu zimeandikwa tiba shufaa, mzee anasoma kifuani kwangu anauliza, "Mwanangu hiyo shufaa ndo nini, mbona waliniambia nakuja kupumzika nirudi kuongezewa damu?" Na hapo mi ndo nakuwa mleta habari, barazani, mbele ya wajukuu na kuku.

Kwa hiyo mradi niliodhani ni wa kurekebisha barua naona siyo wa barua tu.

Wiki ya 2

Somo la kwanza. Walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Daktari bingwa naye alipita, akala sambusa mbili amesimama, akasema "kazi nzuri sista" akatoka. Sawa.

Nilianza na ile chupa, nikaipitisha mkono kwa mkono bila kusema kitu, nikawaambia kila mtu aandike huyu mgonjwa atakunywa mara ngapi kwa siku. Majibu yalikuwa matatu tofauti kwenye chumba chenye watu waliosomea hiyo kazi! Kuna waliosema sita, waliosema mbili, na intani mmoja kaandika "inategemea nani kasoma". Huyo nimemwekea alama kichwani.

Baada ya hapo wakanirushia maswali. Mofini si itamzoesha? Si itamuua haraka? Nikajibu kwa kifupi kwamba ukianza na dozi ndogo, miligramu 2.5 mpaka 5 kwa mtu mzima, ukapanda kwa kufuata maumivu yenyewe, hutamuua, na dawa haina dari ya kusema hapa ndo mwisho, inapanda mpaka maumivu yakae sawa. Usingizi na kichefuchefu cha siku za mwanzo kwa wengi kinapita. Kisichopita ni kufunga choo, kwa hiyo mofini na dawa ya kulainisha choo ni kama mkoba na mkanda wake, ukiandika moja bila nyingine umemtafutia mtu mateso mapya, na sisi tutakuja kuyatoa kwa glovu. Walicheka ila wameelewa.

Kisha nikawaambia kuhusu figo, na hapa niliongea kwa hasira kidogo nikiri. Saratani ya shingo ya kizazi ikikua inabana mirija ya mkojo, figo zinachoka, na figo zikichoka mabaki ya mofini yanajaa mwilini, mgonjwa anasinzia kupita kiasi, anashtukashtuka misuli. Hapo dozi inapunguzwa na nafasi kati ya dozi inaongezwa. Sasa vipimo vya figo mmepima nyie, vipo kwenye faili lenu, mi kule kijijini sina maabara kwenye pikipiki. Neno moja tu kwenye barua, figo nzima au figo zimechoka, nisingekuwa nimempa bibi wa watu dozi ya kawaida mwezi wa pili nikamkuta haamki mpaka mchana. Alikuja kuamka, tukapunguza. Lakini yale masaa nayakumbuka.

Wiki ya 3

Leo ilikuwa igizo. Nesi mmoja wa wodi ya wanawake kacheza mgonjwa, intani kacheza daktari anayemwambia kwamba matibabu ya kuponya yameisha na anamkabidhi kwetu. Nawaandikia kama nilivyosikia.

Intani: "Mama, tumefika mwisho."
Mgonjwa: "Mwisho wa nini?"
Intani: "Wa... wa hapa hospitali. Tumefanya kila kitu, sasa tumwachie Mungu."
Mgonjwa: "Kwani mwanzo hamkuwa mmemwachia?"

Chumba kizima kilikufa kwa kicheko, alafu kikanyamaza, maana kila mtu pale ameshawahi kulisema hilo neno. Hata mimi, nilivyokuwa mpya. Mwachie Mungu ni neno zuri likitoka kwa shangazi yako, likitoka kwa daktari aliyeshika faili mgonjwa anasikia kitu kimoja tu: wamenitupa.

Nikawafundisha ile njia ya hatua sita ya kupeana habari mbaya, imeandikwa mwaka 2000 na madaktari wa Marekani na Kanada, wanaiita SPIKES. Sikuhangaika na herufi, nikawaambia mshike hatua mbili tu. Moja, uliza kabla hujaambia: "Baba, wewe mwenyewe unauelewaje huu ugonjwa?" Mbili, omba ruhusa: "Ungependa nikueleze yote, au kuna mtu ungependa nizungumze naye?" Hiyo ya pili kwetu ina kazi kubwa kuliko ilikotoka. Huku ndugu wanakuja kukushika mkono koridoni wanakunong'oneza "dokta tafadhali usimwambie mzee", na mzee naye jana yake kakunong'oneza "usiwaambie wanangu, watauza ng'ombe bure". Wote wanajua, wote wanafichana, na wewe uko katikati umebeba siri moja kwenye mifuko miwili.

Tukarudia igizo. Safari hii intani akakaa kitini (mara ya kwanza alisimama, sikumwambia, kaona mwenyewe), akauliza, akasikiliza, akasema, "Mama, dawa za kuuondoa ugonjwa hazisaidii tena. Lakini maumivu tunayaweza, na kuna watu watakuja nyumbani kwako kwa ajili hiyo, nitakupa majina yao." Nesi aliyekuwa anaigiza akafuta macho. Akasema ni vumbi.

Wiki ya 4

Fomu. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa kurasa nne. Naona aibu kuiweka hata hapa. Metroni kaishika kwa vidole viwili kama panya akasema, "Nani ataijaza saa 9 alasiri wagonjwa wanasubiri ruhusa?" Tukaikata mpaka ukurasa mmoja, upande mmoja.

Kilichobaki: ugonjwa na umefika wapi. Anaweza nini mwenyewe, kwa ile skeli ya asilimia inayotumika kwenye tiba shufaa, kwa mfano 50 ni mtu wa kukaa na kulala muda mwingi, 40 yuko kitandani karibu muda wote, ili nijue naanza na mgonjwa yupi kesho asubuhi. Dawa kwa saa za Kiswahili, zimeandikwa saa zenyewe, marufuku kuandika "kila saa 4". Figo. Kaambiwa nini na alijibu nini, kwa maneno yake mwenyewe. Ikitokea hiki ufanye hiki (akitokwa damu, akishindwa kumeza, maumivu yakipanda usiku). Na nambari ya simu ya daktari aliyemruhusu, siyo ya mapokezi! Uganda tangu mwaka 2004 sheria inawaruhusu manesi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini wenyewe. Mimi nikikuta dozi haitoshi lazima nimpate daktari, na kumpata daktari nikiwa chini ya mwembe usio na mtandao ni hadithi nyingine.

Mstari niliogombania mpaka ukabaki ni huu: *Anayempa dawa ni nani, na anasoma?* Maana anayesaini wodini ni yule kijana aliyetoka Dar mwenye hela na simu nzuri, anasaini, analipa, Jumapili anapanda basi anarudi kazini. Anayebaki na chupa ni mkwe au mjukuu wa darasa la sita. Maelekezo yote ya dawa yamepanda basi. Na kama kidonda kipo sehemu za siri, mkwe wa kiume hawezi kumsafisha mama mkwe wake, hilo usiulize kwa nini, tafuta mwingine kabla hawajatoka getini, mfundishe yeye kusaga vidonge vya metronidazo na kunyunyiza kidondani kuua harufu.

Wiki ya 5

Tumefeli. Naandika hivyohivyo.

Fomu ya kwanza kamili kabisa, imejazwa vizuri, nikaipiga picha kuionyesha timu. Tukaenda. Nambari ya simu ilikuwa ya mtoto aliye Dar, yuko kikaoni hapokei. Mahali pameandikwa "karibu na msikiti, nyumba yenye mwembe". Kile kijiji kina misikiti mitatu na nyumba isiyo na mwembe ndo ya kuuliza. Tumezunguka mpaka pikipiki inayokohoa ikanyamaza kabisa, tukasukuma, tukampata mwenyekiti wa kitongoji yuko shambani, akatupeleka. Tumefika saa 11 jioni. Mzee alifariki asubuhi. Turubai limeshafungwa, wanaume wanachimba.

Tuliketi na wafiwa. Mke wake akasema, "Mlichelewa lakini mmekuja, wengine hata hawaji." Sikuwa na jibu.

Kwenye fomu pameongezwa: jina la mwenyekiti wa kitongoji au mhudumu wa afya wa jamii, na nambari yake. Na sheria mpya, nimeipigania kama mtu anayegombania kiwanja: Ijumaa hakuna kumruhusu mgonjwa wa mofini bila dawa ya kutosha siku saba na bila simu kwetu, kwa sababu Jumamosi na Jumapili duka letu la dawa linafungwa na timu yetu ina mtu mmoja wa zamu.

Wiki ya 6

Simu. Hili ndo nililotaka kulifundisha tangu mwanzo ila nilikuwa sijui lianzie wapi. Karatasi haiulizi swali. Kuna utaratibu unaitwa I-PASS, ulianzia hospitali za watoto Amerika Kaskazini, hospitali 9, mwaka 2014 wakachapisha kwamba makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23. Hao walikuwa madaktari wanapokezana zamu ndani ya jengo moja, siyo mtu anakabidhi mgonjwa kwa pikipiki, kwa hiyo siichukui yote na asilimia zao sijipi. Ninachochukua ni kipande cha mwisho: anayepokea anarudia kwa maneno yake alichosikia, anayekabidhi anasahihisha. Dakika tano.

Nikadhani watakubali fasta. Wapi. Manesi walisema ni kama mtihani, "yaani nimrudie daktari kama mtoto wa chekechea?" Madaktari walisema hawana bando. La bando metroni kalimaliza, simu ya wodi itatumika. La heshima limechukua muda, mpaka mwenzangu mzee wa timu, nesi wa miaka mingi, akasema, "Mkinituma dukani sukari kilo mbili na sabuni ya mche mmoja, si narudia kabla sijatoka? Hapo mbona hamsemi nadhalilishwa?" Ikaisha.

Wiki ya 7

Nimechukua intani wawili twende nao vijijini, mmoja ni yule wa "inategemea nani kasoma". Ombi limepita kwa taabu, wodi ilikuwa na upungufu.

Nyumba ya tatu tunafika kwa baba mmoja, saratani ya koo, haongei tena, anaandika. Mke wake akaenda ndani akatoka na mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi, ndani kuna kitambulisho cha mpiga kura, kadi ya kliniki, na barua ya rufaa, imekunjwa kunjo moja tu kwa uangalifu kama cheti cha ndoa. Akamkabidhi intani kwa mikono miwili. Intani akaifungua. Ilikuwa ya kwake. Kaiandika mwezi mmoja kabla ya mafunzo, mistari miwili, mwandiko wa haraka.

Mama akasema, "Tumeitunza dokta, ila hakuna aliyewahi kutusomea."

Kijana alikaa pale mkekani akawasomea, neno kwa neno, anatafsiri. Ilimchukua kama nusu dakika kuimaliza. Wakabaki wanamwangalia wakisubiri iendelee. Mzee akavuta daftari lake akaandika, akamsogezea. Sikuona alichoandika na sikuuliza, ila walibaki kwenye lile daftari wanaandikiana zaidi ya nusu saa, mi nikaenda kumalizia kahawa na mama uani.

Njiani kurudi hakusema kitu. Huyu mwingine ndo aliongea njia nzima.

Wiki ya 8, Alhamisi

Somo la mwisho. Bingwa kaja tena, safari hii kakaa, na kauliza kama fomu inaweza kutumika hata kwa wagonjwa wa moyo kufeli na figo, siyo saratani tu. Inaweza. Tutaanza mwezi ujao wodi ya magonjwa ya ndani. Sambusa ziliisha mapema, wakati ujao niagize zaidi.

Yasiyokaa sawa bado: mstari wa "kaambiwa nini" wengine wanaandika "ameshauriwa". Ameshauriwa nini? Nazirudisha. Duka la dawa bado linaandika plasta kwa namna yake, nimewapelekea makapeni mekundu na mfano. Na intani wanahama idara kila baada ya miezi michache, kwa hiyo wote niliowafundisha wataondoka na nitaanza upya, manesi wa wodi ndo inabidi wawe wenye mradi. Wawili wamekubali kufundisha duru ijayo.

Wiki ya 8, usiku wa Alhamisi hiyohiyo

Nilikuwa nimeshapanda kitandani. Simu. Namba ya wodi. Ni yule kijana.

"Sista samahani kwa usiku, nina mgonjwa anatoka kesho asubuhi, nakukabidhi."

Akanipa yote kwa mpangilio. Mama wa miaka 58, titi, limesambaa kwenye mifupa, asilimia 50, figo nzima. Kaambiwa leo jioni na yeye mwenyewe, akiwa na dada yake, alisema anachotaka ni kufika kwao aione nyumba aliyoijenga. Anayempa dawa ni huyo dada, anasoma. Balozi wa mtaa namba hii hapa. Kisha akasema, "Sasa nirudie."

Nikarudia. Ugonjwa, mifupa, figo, dada, nyumba, balozi, mofini kijiko kimoja saa 12, saa 4, saa 8, saa 12 na viwili saa 4 usiku. Nikanyamaza, nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Na yeye kanyamaza upande wa pili. Kisha, taratibu kabisa kwa heshima zote:

"Na ya choo je, sista?"